Maswali ya wasomaji: Mkongwe kaachwa katikati ya msimu, asajiliwe?

SWALI: Salamu kwako ndugu mhariri na wote hapo. Mimi ni shabiki wa Lakers, timu ya mpira wa kikapu kwenye ligi ya NBA ya Marekani, toka niko shule ya msingi na kila ikifika Februari hapa maskani ni ugomvi. Wakiskia tu kuna mkongwe ameachwa na timu yake wenzangu wanataka asajiliwe siku hiyo hiyo, hoja yao ni jungu kuu halikosi ukoko. Mimi naona ni kupoteza nafasi tu, kama bado ni mzuri mbona timu yake imwache? Tupe jibu tumalize hii kesi.
Msomaji, Likoni

JIBU: Aleikum salaam ndugu yangu wa Likoni. Mimi nasema asajiliwe, lakini kwa kazi moja ndogo ambayo kocha anaijua na mchezaji mwenyewe ameikubali kabla hajatia saini. Akisajiliwa kwa jina lake niko upande wako kabisa.

Ila hilo swali lako la mwisho ndipo hoja yako inapopwaya. Kuachwa Februari si lazima mtu awe amekwisha, mara nyingi ni hesabu za mishahara tu. Timu zinabadilishana wachezaji, mkongwe mwenye mshahara mkubwa anatupiwa humo ili pesa za pande mbili zilingane, anafikia kwenye timu iliyo mkiani ambayo haina mpango naye na inataka vijana wake wacheze, na kupoteza mechi kwao si msiba maana kunawasogeza karibu na chaguo la juu la drafti, yaani lile zoezi la kila mwaka la timu kuchagua vijana wapya. Yeye naye ana miaka thelathini na ushei na anataka kombe kabla miguu haijagoma. Basi wanakaa chini, anawaachia sehemu ya pesa zake, wao wanamwachilia. Hapo anakaa kwenye orodha masaa 48, timu inayotaka kumdaka na mkataba wake wote imdake, na kwa vile mkataba ni mzito kwa kawaida hakuna anaemgusa, baada ya hapo yuko huru kwenda atakako. Sharti moja kubwa ni kwamba, kwa msimu wa kawaida usiochelewa kuanza, awe ameachiliwa kufikia tarehe 1 Machi, ikipita hapo timu mpya haiwezi kumchezesha kwenye pleiofu, zile mechi za mtoano za kuwania kombe ambazo anayetangulia kushinda nne ndiye anayepita.

Na timu mpya humlipa kima cha chini tu cha muda uliobaki, mzigo mkubwa uko kwa ile ya zamani. Ndio maana wenzako hapo maskani wanaona ni mtu wa bure, na mimi hapo ndipo ninapokataa. Timu ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida, kama zimejaa lazima mtu aondoke ili huyu aingie. Tena mechi ni dakika 48, zidisha kwa watu watano ni dakika 240, hakuna nyingine. Kila dakika anayopewa mgeni kuna mtu amenyang'anywa, na mara nyingi anaenyang'anywa ni kijana alobeba timu toka Oktoba, alokuwa akikimbia kila usiku wakati huyu mwingine yuko nyumbani akisubiri wakili wake apige simu.

Sasa nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Boris Diaw, Mfaransa, msimu wa 2011-12 alikuwa Charlotte Bobcats, timu ilomaliza na ushindi wa mechi 7 na kupoteza 59. Watu walikuwa wakimcheka mwili wake, eti amenenepa, eti mvivu. Machi 2012 Charlotte wakamwachilia na San Antonio Spurs wakamchukua, huko akamkuta Tony Parker waliyekua naye kwenye mpira wa Ufaransa toka ujanani. Na Spurs hawakumtaka afunge pointi ishirini, walimtaka atoe pasi, akae mahali pake, asome difensi ya wenzao kabla haijajipanga. Mpira wao ulikuwa wa kupasiana na yeye ni mtu wa kupasi, yaani kazi ilikuwa imeshakatwa kwa kipimo chake. Miaka miwili baadaye, fainali ya 2014 dhidi ya Miami Heat, kocha Gregg Popovich akamwingiza kwenye kikosi cha kwanza kuanzia mechi ya tatu, Spurs wakachukua kombe kwa mechi 4 kwa 1. Wallahi mtu akiniambia wanaoachwa wote ni makapi mimi namtajia Diaw tu halafu nanyamaza.

Yuko na Peja Stojaković. Mapema 2011 Toronto walimwachilia, Dallas Mavericks wakampa kazi moja, asimame pembeni arushe za pointi tatu. Mechi ya nne dhidi ya Lakers, na pole kwa kukukumbusha hii ndugu yangu, alirusha sita zikaingia zote sita, Lakers waliokuwa mabingwa mara mbili mfululizo wakatolewa nne bila. Kisha kwenye fainali na Miami hakutumika sana kwa vile mbio za wale vijana zilikuwa hazimfai, kocha Rick Carlisle akamweka benchi na Dallas wakachukua kombe. Mimi hilo la pili naliona kubwa kama lile la kwanza. Kocha alokuwa na ubavu wa kumtumia mkongwe siku inayomfaa na kumkalisha siku isiyomfaa, huyo ndio anastahili kuletewa mkongwe.

Kwenu Lakers mmeonja yote mawili. Mwaka 2020 Markieff Morris aliachwa na Detroit akaja kwenu kama mtu wa benchi, hakuna alomtangaza kuwa mkombozi, akafanya kazi yake na kombe likaja. Mwaka uliofuata akaja Andre Drummond kutoka Cleveland, jina kubwa, bingwa wa ribaundi wa ligi mara kadhaa, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, na akapewa nafasi ya kuanza hapo hapo huku Marc Gasol alokuwa akianza toka mwanzo wa msimu akirudishwa nyuma. Lakini Drummond ni mtu wa kukaa chini ya kikapu, na chini ya kikapu ndiko nyota wenu wa wakati ule LeBron James na Anthony Davis walikotaka kupita, kwa hivyo njia ikazidi kuziba. Mechi ya sita na Phoenix Suns, ambayo ndiyo iliyowatoa raundi ya kwanza, hakuingia uwanjani hata dakika moja. Simlaumu yeye peke yake, Davis alikuwa ameumia na bila Davis hata angekuja malaika pengine mngetoka tu. Lakini swali lilipaswa kuulizwa Machi ile ile: huyu akiingia nani anatoka, na huyo anaetoka alikuwa anatupa nini?

Na mwili ni mwili, hilo tusilisahau. 2017 Andrew Bogut alisajiliwa na Cleveland Cavaliers, mechi yake ya kwanza haikufika dakika moja akavunjika mguu. LaMarcus Aldridge alikwenda Brooklyn Nets 2021, akacheza mechi tano, moyo ukaanza kumpiga vibaya akalazimika kutangaza kustaafu Aprili ile, na namshukuru Mungu aliusikiliza mwili wake. Kwa hivyo timu inayompangia mkongwe ratiba yote ya pleiofu bila mtu wa akiba inacheza pata potea.

Ukitaka kuona mkongwe alotumiwa kwa akili tazama Kevin Love 2023. Huko Cleveland alikuwa ameshatolewa kwenye mzunguko wa wanaochezeshwa, akaondoka akaenda Miami Heat, timu ilokuwa ya nane ikaja mpaka fainali. Mechi ya kwanza ya fainali na Denver Nuggets hakuchezeshwa kabisa, Miami wakapigwa. Mechi ya pili kocha Erik Spoelstra akamrudisha kikosi cha kwanza kwa sababu walihitaji urefu na ribaundi, wakashinda 111 kwa 108 ugenini, na ndiyo mechi pekee walioshinda kwenye fainali ile. Mtu alotoka benchi kavu bila kununa, akaingia tayari. Mimi nikiamka saa tisa na nusu usiku kuangalia mechi natafuta hasa watu wa namna hiyo.

Kwa hivyo mwakani mkigombana waulize wenzako kitu kimoja tu, huyu mzee akiambiwa wiki mbili mfululizo usivue jaketi, atafanya nini? Wakiwa na jibu, asajiliwe.

SWALI: Mhariri, kwa nini siku hizi timu kubwa kubwa hazichukui tena haya majina? Halafu timu inaweza kumuuza mtu, akaachwa kule, akarudi alikotoka?
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Kuna sheria mpya. Tangu msimu wa 2023-24 timu ambayo jumla ya mishahara yake imevuka kizingiti cha kwanza juu ya mstari wa kodi, ile ambayo ligi huwatoza wanaolipa mishahara kupita kiasi, hairuhusiwi kumsajili alieachiliwa katikati ya msimu kama mshahara wake wa awali ulikuwa unazidi kiwango fulani, msimu ule kilikuwa dola milioni 12.4. Yaani matajiri wamefungiwa mlango wa majina makubwa, wanaweza kuchukua wa mishahara midogo tu. Mimi naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, kwa sababu ilikuwa imefika mahali kila mkongwe anakimbilia timu zile zile mbili tatu na timu za miji midogo zinabaki kuangalia.

La pili, zamani iliwezekana. 2010 Cleveland walimtoa Žydrūnas Ilgauskas kwenda Washington ili wampate Antawn Jamison, Washington wakamwachilia, na baada ya mwezi mmoja na kidogo akawa amerudi Cleveland kama vile alikwenda kutembea. Makubaliano ya 2011 kati ya ligi na wachezaji yakaziba huo mwanya, sasa inabidi mwaka upite au mkataba ule uishe kwanza.

SWALI: Shikamoo. Sisi tuna timu yetu ya basketi mtaani, vijana wa miaka kumi na tisa mpaka ishirini na nne hivi. Kuna kaka mmoja alikuwa klabu kubwa, msimu uko katikati wamemwacha, ana kama miaka thelathini na tano na anataka kuja kwetu. Kocha anamtaka, sisi wachezaji tumegawanyika, wengine wanaona atakuja kutufokea na kuchukua namba za watu. Tufanyeje?
Msomaji, Tudor

JIBU: Marahaba mwanangu. Mchukueni.

Nimejibu haraka kwa sababu hali yenu si ya NBA. Kule timu ina makocha wasaidizi chungu nzima, watu wa video, watu wa viungo, mkongwe akija anakuja kuongeza kidogo tu juu ya vingi vilivyopo. Nyinyi mna kocha mmoja, mpira wenyewe huenda ni miwili mitatu, na ukikaa ukumbi wa Makande siku KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari, wanacheza utaona kitu kinachowapita timu za mtaani sana sana si kuruka wala mbio, ni kujua la kufanya dakika mbili za mwisho mkiwa mbele kwa pointi nne. Hapo vijana wetu hukimbia tu, wanarusha ovyo, mpira unapotea na mechi inakwenda. Mtu alopita klabu kubwa ameona dakika hizo mara nyingi, na atawafundisha mazoezini hata kama siku ya mechi hachezi.

Na sasa hivi njia iko wazi kuliko zamani, 2025 Nairobi City Thunder wamekuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Basketball Africa League, ligi ya klabu za Afrika, kwa hivyo kijana wa Tudor akijua mpira kweli kuna pa kwenda. Mimi sitaki mkose mwalimu kwa sababu ya kuogopa kufokewa.

Lakini hofu yenu ni ya haki, mtu alozoea kuwa staa huko alikotoka anaweza kuja na makuu yake hapa. Basi kabla hajavaa jezi kocha akae nae, na kepteni wenu awepo, aambiwe wazi wazi kwamba kaka twakuheshimu, utacheza kama dakika kumi na mbili, kumi na tano, hutaanza, na point gadi wetu, anayeongoza mashambulizi, ni huyu kijana, kazi yako ni kumkuza. Akikunja uso hapo hapo mmeshapata jibu mapema. Akikubali, mkishampa neno msimgeuke wakati mnashinda.

Kingine, mwambieni alete barua ya kuachiliwa kutoka klabu yake na mwende nayo kwa wasimamizi wa ligi yenu muulize kama usajili bado uko wazi, kabla hajagusa mpira kwenye mechi ya pointi. Timu kunyang'anywa ushindi kwa sababu ya mchezaji ambae karatasi zake hazijakamilika inauma vibaya, na hapo watakaoumia ni nyinyi vijana, yeye ameshacheza mpira wake.