Mwache Mkeo Afiche Kopo la Chumvi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Uyole, Mbeya. Mama yangu ana tatizo la moyo, mwaka jana tulimtoa Tukuyu aje akae kwetu. Tangu hapo mke wangu anamtesa. Mboga haina chumvi, maharage hatii magadi. Kila asubuhi anampandisha mama kwenye mzani kama gunia la mahindi na kuandika kwenye daftari. Mama akiumwa magoti, anamnyima diklofenaki aliyoizoea. Pasaka mama alikwenda kwa dada yangu Kyela wiki nzima, akala vizuri, akafurahi. Alivyorudi kwetu tu miguu ikavimba, akalazwa. Dada zangu wanasema nimrudishe mke kwao kabla hajatuulia mama. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Sasa niambie, mama anakunywa dawa gani? Barua nzima hujataja hata moja ya moyo. Siku ya kliniki hujaitaja, wala daktari alisema nini. Basi anayempeleka mama hospitali ni mkeo, na hayo unayoyaita mateso ndiyo aliyoelekezwa huko, akayashika.

Moyo ukishindwa kusukuma damu sawasawa, maji hujaa miguuni, tumboni, hadi kwenye mapafu. Chumvi huyazuia maji hayo yasitoke. Magadi nayo yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi, na hilo wauguzaji wengi hawalijui. Mkeo analijua. Diklofenaki hufanya figo zishikilie maji na hupunguza nguvu ya dawa ya kukojoa, ile anayopewa mgonjwa wa moyo ili maji hayo yatoke. Na mzani unaoudharau huona maji mapema, mara nyingi kabla miguu haijavimba: uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, mtu hajanenepa, ni maji, na daktari apigiwe siku hiyohiyo. Ndiyo maana anampima asubuhi, mama akishatoka chooni na kabla ya chai.

Tuje Kyela. Umeandika kwa mkono wako kwamba mama alikula vizuri kule, kisha miguu ikavimba. Mbona kesi ya Kyela unaifungulia Uyole? Sikuwepo, lakini najua binti anavyompokea mama yake: samaki wakavu wa chumvi, mchuzi wenye kiungo cha paketi, sahani inaongezwa kila ikipungua. Nina wasiwasi pia na ile dawa ya kukojoa. Wazee wengi huiruka siku ya safari kwa kuogopa aibu ndani ya basi. Fungua daftari la mkeo, tazama uzito wa mama siku aliyoondoka na siku aliyorudi, kisha wasomee dada zako.

Mwanamke mwenye nia mbaya hahangaiki na mzani. Angeongeza chumvi tu, na mama mkwe angemsifu kwa upishi.

Ndoa za siku hizi zinanitia uchungu hapa. Mwanamume anamleta mzazi wake mjini, anamkabidhi mke, kisha yeye anakuwa mkaguzi. Kuogesha, kufua, kuamka usiku mama akikosa pumzi na kuomba mto wa pili, yote ya mke. Mawifi wako kwenye simu wanatoa hukumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama ni wako, aliyekuzaa wewe. Mkeo anakusaidia kazi yako, na malipo yake ni kuitwa muuaji! Ukimrudisha kwao, nani atampima mama kesho asubuhi? Wewe?

Kwa mama nina huruma. Kula mboga iliyopooza uzeeni ni adhabu kweli. Mwambie mkeo atumie ndimu, tangawizi, kitunguu na nyanya za kutosha, na wote nyumbani mle chungu hichohicho, mama asijione ametengwa. Magoti yake yasipuuzwe pia, ana maumivu.

Kliniki ijayo omba ruhusa kazini, uende nao. Beba daftari na dawa zote. Muulize daktari mama anywe maji vikombe vingapi kwa siku, na magoti yatulizwe kwa dawa ipi isiyoudhuru moyo. Usiku wowote akishindwa kulala chali au akishtuka akihema, mpelekeni hospitali usiku huohuo, hakuna kungoja kikao cha ukoo.

Mkeo umuombe radhi mbele ya mama. Na dada wa Kyela akimtaka mama tena Krismasi, aje kwanza Uyole alale siku mbili, wifi yake amfundishe kupika na kupima.