Mwanariwaya wa kihistoria, au mwandishi wa riwaya za kihistoria?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika wasifu wa Panteleimon Kulish, mwandishi wa Ukraine wa karne ya 19. Nimeanza hivi: "Kulish alikuwa mwanariwaya wa kihistoria." Mwenzangu anasema nimekosea, niandike "mwandishi wa historia". Nani yuko sahihi? Na riwaya yake *Chorna Rada*, niiite *Baraza Jeusi*?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kila mmoja wenu amesema jambo la kweli juu ya Kulish, ila hakuna aliyesema lile ulilokusudia.

Tazama hiyo "wa" yako. Riwaya imekwisha kumezwa ndani ya "mwanariwaya", haina tena nguvu ya kudai upatanisho wake. Kwa hiyo "wa kihistoria" inamwangukia mtu, na msomaji anaelewa kwamba Kulish aliweka alama katika historia, kama tunavyosema siku ya kihistoria au ushindi wa kihistoria. Itoe riwaya nje, uipe ngeli yake: mwandishi wa riwaya za kihistoria. Hiyo "za" inafunga mlango wa utata. Ni silabi moja tu, na ninakipenda sana Kiswahili kwa ajili ya vitu kama hivyo.

Mwenzako naye amemtaja mtu anayeandika yaliyotokea. Kulish alikuwa huyo pia: kati ya 1874 na 1877 alichapisha majuzuu matatu ya historia, akawashutumu Wakosaki, wale wapiganaji wa zamani wa nyika za Ukraine, vikali hata wananchi wenzake wengi wakamchukia.

Huenda ukauliza kwa nini tusiseme "riwaya ya historia". Kitabu cha historia ndicho anachobeba mtoto shuleni. Kiambishi ki- kinaleta maana ya namna, kama katika mavazi ya kike au mapishi ya kipwani. Riwaya ya kihistoria ina sura ya historia bila kuwa historia yenyewe. *Chorna Rada* inaonyesha vizuri. Baraza la Juni 1663 katika mji wa Nizhyn, Ukraine, lilifanyika kweli. Somko na Briukhovetsky waligombea kweli uhetmani, yaani uongozi wa Wakosaki. Briukhovetsky akashinda, na Somko akauawa mwaka uleule. Lakini Petro na Lesia, ambao mapenzi yao ndiyo uzi wa hadithi, ni wa kubuni.

Sasa hilo jina. *Chorna* ni nyeusi kweli, lakini Mukraine akisikia *chorna rada* anasikia pia *chern*, watu wa chini, kwa sababu katika baraza la namna hiyo walifika Wakosaki wa kawaida, si wazee na makamanda peke yao. "Jeusi" litampeleka msomaji wetu kwenye uchawi au msiba. Mimi ningeandika *Baraza la Makabwela*. Wa Pwani wangeweza kusema *Baraza la Akina Yakhe*, nami nisingewapinga. Liache jina la asili mbele, kisha utoe tafsiri.

Usiifute sentensi yako ya kwanza, ihamishe. *Chorna Rada* ilipotoka kamili mwaka 1857, ilikuwa riwaya ya kwanza ya kihistoria kwa Kiukraine. Hapo ndipo "mwanariwaya wa kihistoria" inapomfaa: alifungua njia. Tena aliandika kwa tahajia aliyoiunda mwenyewe, iliyofuata matamshi ya watu, ikaitwa *kulishivka*. Mwaka 1876 amri ya mfalme wa Urusi ilizuia vitabu vya Kiukraine, na hata vile vichache vilivyoruhusiwa vikatakiwa kufuata tahajia ya Kirusi. Sisi tunaoandika neno kama linavyotamkwa, bila kuogopa mtu, tunapaswa kumwelewa.

Yapo mengine ya kuweka katika wasifu. Mwaka 1847, mwaka uleule aliooa, alikamatwa Warsaw kwa kuhusishwa na chama cha siri, akapelekwa uhamishoni Tula. Uzeeni alikuwa akitafsiri Biblia kwa Kiukraine. Mwaka 1885 nyumba yake ya shamba, Motronivka, ilishika moto na muswada ukateketea. Akaanza upya. Alifariki mwaka 1897 kazi haijakamilika, wenzake wakaimalizia, ikachapishwa Vienna mwaka 1903. Kwa hiyo andika "alishiriki kutafsiri", usiandike "alitafsiri".