Kwa nini wanalia wale mabinti wa mfalme

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo, mguu wa baba yako unaendelea vizuri. Swali lako limenichekesha. Eti mbona mabinti wa mfalme kwenye tamthilia za Kichina wanavaa hariri, wanalelewa kama yai, na bado kila usiku wanalia?

Nikusimulie wa kweli. Hexiao alizaliwa mwaka 1775, kitinda mimba wa Mfalme Qianlong wa China, aliyekuwa ameshapita miaka 60. Unawajua wazee na vitinda mimba! Binti alivalishwa nguo za kiume akaenda mawindoni na baba yake, akivuta upinde mgumu. Mzee akamwambia angekuwa mvulana angemrithisha kiti. Cheo cha juu kabisa, ambacho kwa desturi ni cha watoto wa malkia, akapewa yeye, mtoto wa suria. Mama yake huyo alimpiga mjakazi hadi akafa, mwaka 1778, akaishia kushushwa cheo tu. Mjakazi naye alikuwa mtoto wa watu.

Basi, ana miaka mitano, kashaposwa na mtoto wa Heshen, waziri kipenzi wa baba yake. Mabinti wengi wa ukoo ule waliozwa kwa wakuu wa Kimongolia, huko mbali. Huyu akabakizwa Beijing kwa kupendwa, na hapo ndipo alipoponzeka. Februari 1799 baba akafariki. Hazikupita wiki tatu, kaka yake wa baba mmoja, Mfalme Jiaqing, alikuwa ameshamkamata Heshen na kumfilisi. Adhabu ilikuwa kukatwakatwa mwili akiwa hai. Hexiao akaomba, ikapunguzwa: Heshen ajinyonge mwenyewe. Hebu fikiria, unamwangukia kaka yako ili mkwe wako afe kwa nafuu!

Mumewe aliachwa hai kwa sababu yake, akafa mwaka 1810. Yeye akaendelea kukaa katika sehemu ya jumba lile la ukweni hadi alipofariki mwaka 1823.

Jumba bado lipo, wageni wanaingia. Linaitwa la Mwanamfalme Gong, aliyehamia miaka mingi baadaye. Safari hii ukishafunga mzigo wako Guangzhou, ukipata siku mbili za kufika Beijing, pita hapo. Nipigie picha ya ua wa ndani, siyo ya duka la zawadi.

Mama yako