Ada ya chuo cha theolojia na kalenda ya mazao yetu: kwa wanaojiandaa kutoka Lindi na Mtwara

Ndugu zangu mnaojiandaa kwenda vyuo vya theolojia, ninawaandikia kama mtu aliyepita njia hiyo hiyo. Niliondoka Nachingwea Oktoba 2017, nikiwa mwinjilisti wa usharika wa Kilutheri, mwenye mke na watoto wawili, na mkononi nilikuwa na fedha ya muhula mmoja tu. Nilimaliza masomo, ingawa mara mbili nilikaribia kuzuiwa kufanya mitihani, na mara zote mbili sababu haikuwa kwamba watu wa nyumbani walikataa kutoa. Walikuwa wameahidi kwa moyo, na hatimaye walitoa. Tatizo lilikuwa tarehe. Chuo kilidai fedha katika miezi ambayo kwetu karibu hakuna aliye nayo, nami sikuwa nimekaa chini kuzilinganisha kalenda hizo mbili kabla ya kuondoka.

Vyuo vingi hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba, na hutaka sehemu kubwa ya ada, mara nyingi nusu, kabla ya kumsajili mwanafunzi. Sehemu iliyobaki hudaiwa muhula wa pili unapoanza, Machi au Aprili. Sasa tazameni mazao yetu. Ufuta huuzwa minadani katikati ya mwaka, Juni na Julai hasa, na mbaazi hufuata. Korosho huanza kuokotwa karibu na Septemba, minada yake huanza Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, na kwa kuwa zao hupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hulipwa baada ya mnada, wala si siku anapofikisha gunia ghalani. Kwa hiyo mwumini anayeahidi kukusaidia akiuza korosho hawezi kukuwezesha kujisajili Oktoba, hata awe mkweli kiasi gani. Na fedha yake ikipatikana Desemba bila kutengwa mapema, itakuwa imekwisha kabla ya Machi, kwa sababu Januari kila nyumba inatafuta sare na madaftari ya watoto. Mwenye ufuta ndiye wa kumwendea kwa ajili ya Oktoba, na mwenye korosho ndiye wa kumwendea kwa ajili ya Machi.

Hapa kuna ugumu ambao wengi hawauoni mapema. Majibu ya udahili wa shahada hutoka Agosti na Septemba, wakati fedha ya ufuta imeshatumika. Ndiyo maana ninawasihi msisubiri barua ya udahili ndipo mwende kwa baraza la wazee. Nendeni Aprili au Mei, mkiwa na mchanganuo wa ada wa chuo mnachokiomba, na mwombe kwamba ahadi zikusanywe kwenye akaunti ya usharika, wala si kwenye simu yako wala ya ndugu yako, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwamba usipodahiliwa fedha hiyo itabaki ya usharika. Wazee wetu huwa wepesi kukubali ombi la namna hiyo, kwa sababu linaonyesha kwamba fedha haitapotea.

Mwaka wangu wa pili ulinifundisha pia kwamba hata kalenda iliyopangwa vizuri inaweza kuvurugika. Oktoba 2018 wakulima walikataa bei zilizotolewa minadani, na Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei hiyo ilipokelewa kwa furaha kwetu, lakini uhakiki wa wakulima ulihitaji muda, na wengi walisubiri malipo kwa miezi. Usharika ulikuwa umeniahidi ada ya muhula wa pili kutokana na sadaka za msimu huo, na Machi 2019 ilipofika sikuwa na kitu. Kilichoniokoa ni barua ya mchungaji wangu yenye mhuri, iliyotaja kiasi kilichoahidiwa, kilikotarajiwa kutoka, na sababu ya kuchelewa. Niliipeleka kwa mhasibu wa chuo wiki tatu kabla ya mitihani, naye akaniruhusu kulipa kwa awamu nne. Mwenzangu mmoja, ambaye deni lake lilikuwa dogo kuliko langu, alikwenda kujieleza asubuhi ya mtihani akiwa na maneno matupu; alizuiwa, akarudia muhula mzima. Mhasibu huwa na nafasi ya kukusaidia ukimfikia mapema na karatasi, lakini siku ya mtihani nafasi hiyo huwa imefungwa.

Kuna jambo moja ninalolisema kwa uchungu, kwa kuwa nimeliona katika familia zaidi ya moja. Usiruhusu wazazi wako wauze korosho zao kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni kabla ya mavuno na nje ya mnada, ili wewe upate nauli na ada. Mnunuzi wa kangomba huja Juni na Julai, wakati nyumba inahitaji fedha ya kupulizia mikorosho dawa na ya chakula, hupima kwa kipimo chake mwenyewe, na hulipa sehemu ndogo ya bei itakayopatikana mnadani. Familia inayokupeleka chuoni kwa njia hiyo inaingia msimu ikiwa haina mavuno, na mwaka unaofuata haiwezi kukusaidia tena. Ni afadhali uahirishe masomo mwaka mmoja, ukalime ufuta wako mwenyewe.

Kuhusu mkopo wa Serikali nitasema machache. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imekuwa tangu mwanzo ikilenga hasa wanafunzi wa shahada. Anayekwenda chuo cha Biblia kusomea cheti asiiweke kwenye hesabu zake. Wanaokwenda kusoma shahada wasome mwongozo wa mwaka husika wenyewe, mstari kwa mstari, kabla ya kulipia maombi, kwa sababu miongozo ya miaka ya karibuni imekuwa ikimtaka mwombaji awe hajazidi miaka 35, awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyotangulia, na asiwe na ajira. Masharti hayo huwagusa sana watu wetu, kwa kuwa wengi huitwa kwenye theolojia baada ya kutumika miaka mingi kama wainjilisti au walimu. Vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo vya wazazi kwa yatima, huhitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kazi hiyo ianze miezi kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Kumbukeni pia kwamba mkopo hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Mchungaji anayelipwa shilingi 400,000 atakatwa 60,000 kila mwezi, kabla hajanunua unga. Simzuii mtu kukopa, ila afanye hesabu hiyo akiwa na mwenzi wake wa ndoa.

Ufadhili wa dayosisi, na ule unaotoka kwa makanisa rafiki ya Ujerumani au Marekani kupitia dayosisi, ndio uliowabeba wengi wetu. Kabla ya kutia saini, ulizeni maswali ambayo mimi niliona haya kuyauliza. Je, unalipia ada peke yake, au pia malazi, chakula, vitabu na mafunzo kwa vitendo? Utatumika miaka mingapi baada ya kuhitimu, na ukishindwa somo au ukiugua nani atabeba gharama ya mwaka wa ziada? Posho yako ya uinjilisti itaendelea kulipwa nyumbani au itasimama? Swali hili la mwisho lilinigharimu. Nilidhani itaendelea, ikasimama, na mke wangu aligundua mwisho wa mwezi, alipokwenda kuichukua. Kuuliza si kukosa imani. Vilevile, msimwandikie mfadhili wa nje kumwomba fedha nyuma ya mgongo wa dayosisi, hata akiwa amewapa anwani yake kwa upendo, maana ikijulikana wanaoumia ni wanafunzi watakaowafuata.

Sasa nije kwenye kazi za wanafunzi, ambako nilikosea zaidi. Chuo chetu kilikuwa na kazi za maktaba, bustani, zizi la ng'ombe, jiko na usafi wa kanisa, na malipo yake yalipunguzwa kwenye ada. Muhula wa kwanza nilichukua kukamua ng'ombe saa kumi na moja alfajiri na zamu ya maktaba jioni, na usiku nilikuwa nikiwachapia wenzangu kazi zao kwenye kompyuta kwa malipo kidogo. Nilijiona mwenye bidii. Lakini Kigiriki cha Agano Jipya hakisomwi na mtu anayesinzia. Minyambuliko ya vitenzi vyake hudai usomaji wa kila siku, na ukikosa wiki mbili huelewi tena mwalimu anasema nini. Nilishindwa. Mtihani wa marudio ulikuwa na ada yake, ulinizuia kurudi nyumbani likizo wakati wa palizi, na nilipojumlisha chakula cha wiki hizo niliona kwamba nimelipa zaidi ya vyote nilivyopata zizini na maktabani.

Mwaka uliofuata nilibaki na maktaba peke yake, saa kumi kwa wiki. Kwa maoni yangu, kazi ya maktaba ndiyo ya kuombwa kwanza na mwanafunzi wa theolojia: unajua vitabu vilipo, unazoeana na wahadhiri, na usiku usio na wasomaji wengi unasoma ukiwa zamu. Kazi yoyote utakayoipata, ulizeni ikiwa malipo ni fedha taslimu au ni makato ya ada, na ikiwa ni makato yataonekana muhula upi. Wekeni daftari la saa zenu, na msimamizi atie saini kila Ijumaa. Muhula mmoja saa zangu za wiki sita hazikufika kwa mhasibu kwa sababu msimamizi alihamishwa idara, na kama nisingekuwa na daftari hilo zingepotea.

Gharama ndogo zisidharauliwe. Kutoka Nachingwea hadi kaskazini, kilipokuwa chuo chetu, ni safari ya siku mbili kwa basi, na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka ni fedha nyingi. Bima ya afya ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka enzi zangu. Ilipeni mapema, kwa sababu malaria haisubiri ahadi za usharika.

La mwisho ni namna ya kulipa. Tangu mwaka wa pili niliwaomba wazee fedha ipelekwe benki moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na kwenye sehemu ya mlipaji liandikwe jina la usharika, kisha jina langu na namba yangu ya usajili. Kila likizo nilikuja na nakala za stakabadhi pamoja na matokeo yangu, yale mabaya yakiwemo, na mchungaji aliyasoma ibadani. Bibi mmoja wa mtaa wetu, ambaye mwaka ule alikuwa ametoa debe la ufuta, alinifuata nje baada ya ibada, akaomba kuishika ile karatasi. Hakuwa amesoma. Aliniomba nimwonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa jina la kanisa lake, nikamwonyesha, akakaa nayo kimya kwa muda, kisha akanirudishia na kuniuliza ufuta wa mwaka ujao utatakiwa lini.