Historia ya klabu iko chini ya meza

Mwaka wangu wa pili katika klabu ya vitreni vya mfano hapa Massachusetts, nilitwishwa kazi ambayo wenzangu wote walikuwa wameikwepa: kuandika historia ya klabu. Nadhani kosa langu lilikuwa kuwaambia kwamba nimezaliwa Tabora na kwamba baba alikuwa fundi wa karakana ya reli. Wakaamua treni imo damuni mwangu. Kama kuandika kumo pia, hakuna aliyeuliza.

Nikaanzia kwenye makabrasha ya mihtasari. Nikaorodhesha wenyeviti, miaka yao, na ada ilivyopanda. Zikatoka kurasa kumi na nne, nami nikajiona mwanahistoria. Nilimpa mzee mmoja aliyejiunga akiwa bado kijana, azipitie. Siku ya tatu akanirudishia na swali moja tu: "Treni iko wapi humu?"

Kisha akapiga magoti, kwa shida, akaingia chini ya meza ya reli yetu na kuniita. Juu ya meza kuna kila kitu mgeni anachopiga picha: milima ya plasta, stesheni, mataruma membamba kama njiti za kiberiti. Chini kulikuwa na nyaya za rangi zote, viungo vya lehemu vya mikono tofauti, na maandishi ya penseli kwenye mbao. Tarehe. Majina ya utani. Hata tusi moja kwa mtu aliyeunganisha waya kinyume na kuunguza transfoma. Zile kurasa zangu kumi na nne nikazitupa.

Kwa hiyo, ukipewa kazi kama hii, iwe ya klabu ya treni, ya mpira au ya taarabu, anza na waliofanya kazi. Waliokaa meza kuu waje baadaye. Mfano ninaoupenda uko jirani na sisi, katika chuo cha MIT, mjini Cambridge. Klabu yao, Tech Model Railroad Club, ilianza mwaka 1946. Kwa miaka mingi ilikaa katika Jengo namba 20, jengo la mbao lililosimamishwa haraka mwaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada. Baadhi ya wanachama walipenda kupaka rangi mabehewa na kutengeneza mandhari. Wengine, kamati ya ishara na umeme, walikesha chini ya meza wakiunganisha rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na vifaa vya simu vya msaada. Hao wa chini ya meza ndio wengi wao waliovutwa na kompyuta za chuo. Mchezo wa kompyuta wa Spacewar! ulipotengenezwa mwaka 1962 kwenye kompyuta ya PDP-1, vikasha vya kuuchezea viliundwa kwa vipuri vya klabu ya treni.

Na walikuwa na maneno yao. Mwaka 1959 Peter Samson aliyakusanya katika kamusi ndogo, likiwemo hack, ambalo leo tukilisikia tunawaza kudukuliwa akaunti. Kwao lilikuwa jambo la kujivunia, kazi ya werevu iliyofanywa kwa kuipenda. Nami nikafungua daftari la maneno. Ndipo nikajua kwa nini kona moja ya reli yetu inaitwa Makaburini: kila kichwa cha treni kipya kilianguka pale.

Mzee usimkalishe kitini ukamwambia "tueleze historia." Atakutolea hotuba. Mpe kichwa cha treni kibovu na bisibisi, washa kinasa sauti, nyamaza. Picha za zamani mpitie naye leo, siyo wiki ijayo. Mimi niliahirisha albamu moja, mwenye kuijua akafariki, na hadi leo nina picha ya watu tisa nisiowajua hata mmoja.

Ugomvi nao uandike. Wetu ulikuwa juu ya ukubwa: wapo waliotaka tubaki na kipimo cha HO, ambacho ni 1 kwa 87 ya treni halisi, na wapo waliotaka N, kidogo zaidi, 1 kwa 160, ili treni ndefu zaidi zipate nafasi. Nilisikiliza pande zote mbili, nikaacha majina nje. Bado nimenuniwa na pande zote mbili.

Halafu piga picha za chini ya meza mapema. Jengo namba 20 lilibomolewa mwaka 1998, na wale wa MIT wakaanza kujenga reli nyingine kwingine. Sisi mwenye nyumba alitupa wiki sita tuhame. Reli ya namna hii haibebeki kama kabati, inakatwa kwa msumeno.

Ule ubao wenye tusi niliukata mwenyewe. Umetundikwa ukutani kwenye chumba kipya, na aliyetukanwa bado anakana kwamba transfoma aliiunguza yeye.