Ghala la chuma nililojijengea linalia upepo ukivuma: nitajuaje kama ni imara?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nina ghala la chuma hapa Kilwa, mita 10 kwa 20. Nguzo ni pipe za mraba, kenchi za engo, bati geji 30. Nililijenga mwaka 2019 mimi na fundi wa kuchomelea, bila mchoro. Mwaka jana tulikata vyuma vya msalaba upande mmoja ili tupanue mlango, Fuso iingie. Tangu hapo kusi ikivuma linalia. Sasa kuna mtu anataka kulikodi aweke ufuta, anauliza kama ni imara. Nimjibu nini?

Jibu: Mwambie asubiri kidogo. Ghala lako huenda likawa zima kabisa, ila hivyo vyuma mlivyokata vinanitia wasiwasi kuliko vingine vyote ulivyotaja.

Wengi wanaojijengea huhofia uzito: je, nguzo zitabeba? Kwa paa la bati, uzito si tatizo kubwa. Tatizo ni upepo, na upepo hunyanyua. Tupige hesabu. Upepo wa kilomita 108 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Tuchukulie yote inavuta paa kwenda juu, maana mlango mpana ukiwa wazi hewa huingia na kulisukuma kutoka ndani pia. Kama nguzo zako zimeachana mita 5, kila nguzo ya katikati imeshikilia mita za mraba 25 za paa, sawa na kilo 1,375 za kunyanyuliwa. Ondoa uzito wa bati na vyuma, tuseme kilo 500. Zimebaki 875. Kitako cha zege cha sentimita 60 kila upande, ambacho mafundi wengi hukiona kikubwa, kina kilo 518 tu. Udongo na sakafu vitasaidia kiasi, lakini hapo bado hatujaweka akiba yoyote ya usalama. Na usiseme upepo wa aina hiyo hauji kwenu; Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, hapo jirani.

Kwa hiyo anza chini. Fukua pembeni ya nguzo moja ya katikati na moja ya kona, upime kitako urefu, upana na kina. Angalia pleti, lile bamba la chuma chini ya nguzo: bolti ngapi, nati zote zipo, au nguzo ilitumbukizwa tu kwenye zege? Gonga nguzo kwa nyundo kuanzia usawa wa sakafu kwenda juu. Pipe ya mraba huoza kutokea ndani maji yakiingia, na chumvi ya pwani haisubiri. Mlio ukibadilika, toboa tundu dogo upime unene halisi wa chuma. Usitegemee risiti ya duka.

Kisha pima kwa timazi kama nguzo zimesimama wima. Nguzo ya mita 4 iliyoinama zaidi ya sentimita moja na nusu inahitaji maelezo. Anza na zilizo karibu na mlango mpya, maana ule msalaba ndio uliokuwa unazuia ghala lisilale upande. Huo mlio unaousikia, nadhani, ni viungo vinavyocheza. Pengo hilo lisibaki hivyo: ama msalaba urudishwe kwenye nafasi nyingine ya upande uleule, ama mlango uwekewe fremu nzito iliyokokotolewa.

Juu kwenye kenchi, kwangua rangi kwenye viungo kadhaa. Mshono mzuri una mawimbi madogo yaliyolaliana kama sarafu. Ukikuta vidonda vya nukta nukta, mfereji pembeni ya mshono, au kipande cha nondo kilichotumika kuziba nafasi kisha kikapigwa grinda na rangi, kiungo hicho hakihesabiki. Angalia pia kile chuma cha chini cha kenchi. Siku za kawaida kinavutwa, lakini paa likinyanyuliwa kinageuka kubanwa, na kikiwa chembamba bila cha kukishika pembeni, kinapinda. Mafundi wetu wengi hawalijui hili. Si kosa lao, hakuna aliyewachorea.

Papi, vile vyuma vya juu ya kenchi vinavyoshika bati, ni rahisi kupima: vuta uzi toka kenchi hadi kenchi. Ikilegea zaidi ya milimita 25 katika mita 5, ni nyembamba mno au imeshaharibika.

Vipimo hivyo na picha mpelekee mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje aone na kukokotoa. Mpaka hapo mlango ufungwe upepo ukianza, na magunia yasiegemezwe ukutani, kwa sababu bati na nguzo hizo hazikuwekwa kusukumwa na shehena. Barua ya mpangaji ataiandika huyo atakayefika, mimi siwezi kuisaini nikiwa huku.