Darubini ya babu inasimamisha meli, ya mdogo wangu inaipindua: ipi mbovu?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu yangu alikuwa baharia, na ameniachia darubini ya shaba ya manjano, ile ya kuvuta, yenye vipande vitatu. Lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 45, na ubavuni imechongwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mchana au usiku". Nikitazama meli naiona wima kama ilivyo. Mdogo wangu kanunua darubini mpya ya kutazamia nyota, nayo inaonyesha kila kitu kichwa chini miguu juu. Je, katapeliwa? Pili, nimejaribu kuitazama Jupita kwa darubini ya babu nione miezi yake minne, lakini naona kinuru kinachorukaruka tu. Galileo aliionaje kwa chombo duni kuliko changu? Na ni kweli manahodha walitafuta njia baharini kwa kutazama nyota na darubini kama hii, kama tunavyoona kwenye picha za maharamia?

JIBU: Marahaba. Mwambie mdogo wako atulie, hajatapeliwa. Darubini yake ni nzima na ya babu ni nzima. Zimeundwa kwa kazi mbili tofauti, na tofauti yenyewe imo ndani ya kile kipande chembamba unachokiweka jichoni.

Lenzi ya mbele, kwenye darubini zote mbili, ni nene katikati. Inakusanya nuru ya mbali na kuchora taswira ndogo ndani ya mrija, na taswira hiyo huwa imepinduka, kwa sababu miale ya juu huangukia chini na ya chini huangukia juu. Lenzi ya jicho inaikuza taswira ile ile tu, haiigeuzi. Muundo huu aliueleza mwanaanga Johannes Kepler mwaka 1611, na ndio ulio kwenye darubini ya mdogo wako. Nyota haina juu wala chini, kwa hiyo mtazama anga hana hasara yoyote.

Baharia hasara anayo. Anatakiwa kusoma bendera za ishara, kutambua mnara ufukweni, kujua meli ile imegeukia wapi. Ndiyo maana darubini ya babu ina lenzi za ziada zinazoipindua taswira mara ya pili ili isimame. Mtawa mmoja aitwaye Anton Maria Schyrleus de Rheita aliueleza mpangilio wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1645. Ninavyoandika hapa nina darubini ya aina yako mezani, imefunguliwa. Kipande cha jichoni kina lenzi nne: mbili zimekaa kwenye kimrija kinachofunguka kwa hesi, mbili nyingine karibu na jicho. Moja ina ukungu uliotanda kama utando wa buibui, na hiyo peke yake inatosha kuififisha meli nzima.

Lenzi hizo za ziada zina gharama yake. Nuru ikipita kutoka hewani kuingia kwenye kioo, au ikitoka kwenye kioo kurudi hewani, karibu asilimia 4 yake huakisiwa na kupotea. Lenzi ya mbele ya darubini kama yako kwa kawaida ni vioo viwili vya aina tofauti vilivyolazwa pamoja ili kuondoa rangi zinazochafua kingo za taswira. Fundi wa lenzi John Dollond alipewa hataza ya ufundi huo mwaka 1758, ingawa Chester Moor Hall alikuwa ameshautumia miaka ya 1730. Hesabu basi: vioo viwili mbele, vinne nyuma, kila kimoja kina nyuso mbili. Nyuso 12. Zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 12, unapata 0.61. Karibu asilimia 40 ya nuru imepotea kabla haijafika jichoni. Vioo vya siku hizi hupakwa utando mwembamba unaopunguza hasara hiyo, ufundi ambao Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss aliubuni mwaka 1935. Darubini ya babu haina.

Mchana hutaiona hasara hiyo, jua lina nuru ya kumwaga. Usiku ndipo inapouma. Mabaharia walilijua hilo vizuri, wakawa na darubini maalumu za usiku: lenzi ya mbele pana, lenzi chache nyuma, na taswira ikaachwa imepinduka. Mlinzi wa zamu alizoea kuiona meli ya adui ikiwa imening'inia juu, milingoti ikielekea chini, kwa sababu kuiona imepinduka ni afadhali kuliko kutoiona. Mimi naliona hilo kuwa jambo la kuheshimiwa sana katika historia ya chombo hiki. Watu wa bahari hawakung'ang'ania taswira nzuri, walichagua nuru.

Sasa, yale maneno "mchana au usiku". Yalichongwa kwenye darubini nyingi za karne ya 19, na usiyachukulie kuwa kipimo. Kipimo unaweza kukifanya mwenyewe sasa hivi. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, kisha usiweke jicho. Rudi nyuma kama sentimita 30 na utazame ile tundu ya jichoni. Utaona kiduara kidogo cha nuru kinaelea pale. Kipime kwa rula. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kipenyo cha kiduara hicho, na jibu ndio ukuzaji wa darubini yako. Kikiwa na milimita 1.5, basi 45 kwa 1.5 ni mara 30.

Kiduara hicho kinakwambia na jambo la pili. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7. Darubini inayokupa kiduara cha milimita 1.5 inaijaza sehemu ndogo tu ya mboni hiyo, na eneo lake ni kama moja ya ishirini. Ndiyo maana darubini ya macho mawili ya baharini ikawa ile ya mara 7 yenye lenzi za milimita 50: 50 kwa 7 ni 7.1, inaijaza mboni yote. Anayenunua darubini kwa kuuliza "inakuza mara ngapi" peke yake anauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni nuru.

Tuje kwa Jupita. Kwa milimita 45 miezi ile minne unapaswa kuiona bila shida. Kinachokushinda ni mkono. Darubini inayokuza mara 30 inakuza na mtetemo wa mkono mara 30. Galileo alikuwa na chombo cha mara 20 hivi, chenye lenzi ya mbele iliyobinuka na lenzi ya jicho iliyobonyea. Kilitoa taswira wima, lakini uwanja wake, yaani eneo linaloonekana kwa mara moja, ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Mwezi wetu haukuenea wote. Hata hivyo kilikuwa kimetulia, na yeye alikuwa amesimama juu ya nchi kavu. Tarehe 7 Januari 1610 aliona nukta tatu kando ya Jupita, na tarehe 13 akaiona ya nne. Funga ya babu kwenye nguzo kwa kitambaa, au ilaze juu ya ukuta kwenye mfuko wa mchanga, nawe utaona.

Na hapa ndipo swali lako la manahodha linapojibika, maana tatizo lako ndilo lililowakwamisha. Latitudo, yaani umbali wa kaskazini au kusini mwa ikweta, walikuwa wakiipata kwa kupima kimo cha Jua au cha nyota kutoka upeo wa macho. Kazi hiyo ni ya chombo cha kupimia pembe, kama oktanti ya John Hadley ya mwaka 1731 na baadaye sekstanti, ambayo huwa na kidarubini kidogo cha kusaidia jicho tu. Longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi, ndiyo iliyokuwa ngumu. Inahitaji ujue saa ya bandari ulikotoka, na kosa la dakika 4 ni digrii nzima, yaani kilomita 111 kwenye ikweta. Galileo alipendekeza miezi ya Jupita itumike kama saa ya angani, kwa kuwa kupatwa kwake, yaani kuingia katika kivuli cha Jupita, kunaonekana na wote kwa wakati mmoja. Alibuni hata kofia yenye darubini ili baharia aweze kutazama. Baadaye Christopher Irwin akatengeneza kiti cha kuning'inia, na mwanaanga Nevil Maskelyne akakijaribu katika safari ya Barbados mwaka 1763. Hakikufaa. Meli ikienda mrama, Jupita inatoka kwenye uwanja wa darubini kabla hujavuta pumzi. Jibu la baharini likatoka kwa fundi wa saa, John Harrison.

Nchi kavu, lakini, njia ya Galileo ilifanya kazi, na wapima ramani wa Ufaransa waliitumia. Zaidi ya hapo, katika kufuatilia majira ya Io, mmoja wa miezi ile minne, mwanaanga Ole Rømer aligundua kuwa kupatwa kunachelewa Dunia inapokuwa mbali na Jupita na kuwahi inapokaribia. Mwaka 1676 akatangaza kuwa nuru inachukua muda kusafiri. Hesabu iliyoanza kwa ajili ya mabaharia ikatupa dalili ya kwanza ya kweli kuhusu mwendo wa nuru.

Kwa hiyo nahodha anayetafuta njia kwa kuikodolea nyota darubini ndefu ni wa wachoraji. Na haramia mwenye mrija wa shaba unaong'aa naye wa wachoraji. Haramia Blackbeard aliuawa mwaka 1718. Darubini za wakati wake zilikuwa mirija ya mbao au karatasi ngumu iliyovikwa ngozi. Mirija ya shaba inayoingiana kama ya babu ilienea kuelekea mwisho wa karne ya 18. Picha iliyo karibu zaidi na ukweli ni ya admirali wa Uingereza Nelson kwenye vita vya Copenhagen mwaka 1801, ambaye inasimuliwa aliiweka darubini kwenye jicho lake lisiloona ili asiione ishara ya kumtaka aache mapigano. Wanahistoria wengi wanakitilia shaka kisa chenyewe, lakini kazi ya darubini pale ni ile hasa ya baharini: kusoma bendera.

Mambo mawili kabla hujaanza. Usiielekeze kwenye Jua hata kwa nukta moja ya sekunde, utapofuka. Na shaba usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, inapenya kwenye maungio na kufika kwenye vioo.

Ukishaifunga vizuri, chora Jupita na nukta zake kwenye karatasi, uandike na saa. Rudia baada ya saa mbili, na tena kesho yake. Io, ulio karibu zaidi na sayari kati ya ile minne, hukamilisha mzunguko wake kwa saa 42 na nusu hivi, kwa hiyo utaona umehama usiku ule ule. Na siku nukta moja ikififia mbele ya macho yako hadi ikazimika, ni kivuli cha Jupita kimeifunika. Andika dakika yake, kisha uniletee hesabu.